Seva inayojizima yenyewe: soma ilivyokufa kabla ya kununua spea

Swali limetoka kwa msomaji anayehudumia kompyuta za SACCOS moja mkoani Morogoro:

“Shikamoo mtaalamu. Tuna seva ya mnara yenye miaka sita: prosesa moja ya Xeon, RAM ya ECC ya GB 64 kwenye vijiti vinne, diski nne kwenye RAID 10, pawa saplai mbili. Inaendesha Ubuntu na hifadhidata ya wanachama. Tangu Februari inazima ghafla. Mara nyingine ni mchana, watu wako dirishani. Mara nyingine ni saa nane usiku, bekapu inaendelea. Kuna siku tunaikuta imejiwasha upya yenyewe, kuna siku imeganda tu. Kwa wastani ni mara moja kila siku tatu. Tumesakinisha upya mfumo mara mbili, hali ni ileile. Fundi mmoja anasema ni RAM, mwingine anasema ni pawa saplai, na muuzaji anatuambia tununue seva mpya. Nibadilishe nini kwanza?”

Marahaba, ndugu yangu. Kwa sasa usibadilishe kitu chochote. Huenda mmoja wa mafundi wako yuko sahihi kabisa. Lakini ukichomoa RAM na kupachika nyingine kabla hujajua mashine inakufa kwa njia gani, unapoteza ushahidi. Ikitulia siku nne mtafurahi, siku ya tano ikazima tena, na hapo hutajua kama ni tatizo lilelile au ni jipya lililokuja na spea. Nimeona ofisi zilizonunua karibu nusu ya seva, kipande baada ya kipande, na mwishowe tatizo likakutwa kwenye UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme wa mtaani ukikatika. Fedha mnazotumia ni za wanachama, kwa hiyo kila spea inunuliwe kwa sababu inayoelezeka kwenye kikao.

Kabla ya uchunguzi wowote, bekapu. Nakala iliyo kwenye diski za seva hiyohiyo haihesabiki. Ihamishie kwenye kompyuta nyingine, ifungue huko, washa hifadhidata, kisha linganisha salio la wanachama kadhaa na vitabu vyenu. Mashine inayozimika katikati ya kuandika inaweza kuacha data iliyovunjika bila kutoa onyo lolote, na bekapu ya data iliyovunjika nayo imevunjika. Kwa sababu hiyo usifute nakala yoyote ya kabla ya Februari mpaka jambo hili liishe.

Nakala hiyo ikishafanya kazi kwenye kompyuta nyingine, iache iendelee kufanya kazi hukohuko. Kompyuta ya mezani yenye RAM ya kutosha inaweza kubeba shughuli za SACCOS ya kawaida kwa wiki kadhaa, mradi iwe na bekapu ya kila siku. Ukifanya hivyo, seva inabaki huru kupimwa bila wanachama kupanga foleni, na unapata jibu la swali ambalo kusakinisha upya hakukulijibu vizuri: kama mfumo uleule na data ileile vinatulia kwenye kompyuta nyingine, programu imeondolewa lawama.

Sasa tuingie kwenye maelezo yako. Umeniandikia mambo matatu kana kwamba ni moja: kuzima, kujiwasha upya, na kuganda. Kila moja linaelekeza mahali pake.

Kuzima kabisa, feni zote kimya na logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) imekatika bila neno la mwisho, ni dalili ya umeme au joto. Ama umeme uliondoka kabla ya kufika kwenye seva, ama pawa saplai ilijifunga kujilinda, ama prosesa ilifikia joto la hatari na mashine ikakatwa umeme papo hapo bila mfumo endeshi kuulizwa. Diski mbovu haizimi seva namna hiyo.

Kujiwasha upya kuna mtego. Ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa mashine inapowaka, utafute mpangilio unaoamua seva ifanye nini umeme ukikatika na kurudi: ibaki imezimwa, irudie hali iliyokuwa nayo, au iwake. Kama umewekwa iwake, basi “kujiwasha upya” kunaweza kuwa ni umeme tu uliokatika kwa sekunde chache. Hapohapo unapata kipimo kizuri. Ikiwa mpangilio ni wa kuwaka na bado mnaikuta imezimwa kabisa, umeme wa nje huwa si mshukiwa wa kwanza tena, maana ungekatika na kurudi seva ingeamka. Kilichoizima kimetoka ndani: ulinzi wa pawa saplai, au joto. Kujiwasha upya bila umeme kukatika kabisa husababishwa zaidi na volti zinazoyumba kwa kitambo kidogo, au kosa la RAM au prosesa ambalo mashine imeshindwa kulisahihisha.

Kuganda nako kuna namna mbili, na tofauti yake unaipata kwa dakika moja. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuzima, nenda kwenye kompyuta nyingine upige `ping` kwa anwani ya seva. Ikijibu, huku huwezi kuingia wala hifadhidata haijibu, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) bado iko hai lakini imekwama ikisubiri diski: tazama kontrola ya RAID (kadi inayoziunganisha diski zote zifanye kazi kama moja), kebo na diski zenyewe. Isipojibu, na taa ya Num Lock kwenye kibodi haibadiliki ukiibonyeza, kila kitu kimesimama, na hapo tunazungumzia RAM, prosesa, mazabodi au kadi iliyochomekwa. Piga picha ya skrini hata kama unaona haina maana. Mistari ya mwisho ya kerneli mara nyingi ndiyo inayomaliza ubishi.

Kwa hiyo anzisheni daftari karibu na seva. Kila tukio liandikwe: saa, namna ilivyokufa, taa zipi zinawaka nyuma kwenye pawa saplai, jenereta ilikuwa inafanya kazi au la, kiyoyozi kilikuwa kimewashwa au la, na watu walikuwa wanafanya nini. Matukio matano yaliyoandikwa vizuri yananisaidia kuliko maelezo ya “inazimazima”.

Kuna jaribio moja dogo ambalo ningelifanya leo, halihitaji kifaa chochote. Hamisha bekapu kutoka saa nane usiku iwe saa nne asubuhi, siku ambazo kazi iko kwenye kompyuta ya akiba. Seva ikianza kufa saa nne asubuhi, kinachoiua ni mzigo: diski, prosesa na kadi ya mtandao vikifanya kazi kwa pamoja na kuvuta umeme mwingi. Ikiendelea kufa saa nane usiku ingawa haina kazi, kinachoiua kiko kwenye jengo kwa saa hiyo: volti za mtaani, kiyoyozi kinachozimwa na walinzi, au UPS.

Baada ya hapo, iulize mashine yenyewe. Seva nyingi zina kompyuta ndogo ya pili ndani ya mazabodi, iitwayo BMC. Kwa Dell ni iDRAC, kwa HPE ni iLO. Hiyo inakula umeme mdogo unaobaki hata seva ikiwa imezimwa, kwa hiyo inafanana na mlinzi wa getini mwenye tochi yake: nyumba ikizama gizani, yeye bado anaona nani kapita. Inaandika kwenye daftari lake liitwalo SEL. Lisome hivi: `ipmitool sel elist`. Kabla ya hapo tumia `ipmitool sel info` uone kama limejaa, kwa sababu baadhi ya mashine huacha kuandika nafasi ikiisha, na `ipmitool sel time get` uone saa yake. Saa ya BMC mara nyingi iko nyuma au mbele, na ukilinganisha na daftari lenu bila kuirekebisha utapotea. Hifadhi orodha nzima kwenye kompyuta nyingine ndipo uisafishe.

Ndani yake tafuta mistari ya aina nne. Umeme wa pawa saplai kupotea: angalia ni moja au zote mbili kwa sekunde ileile. Kihisi cha joto kuvuka kiwango. Kosa la ECC (uwezo wa RAM kugundua na kusahihisha makosa yake), lililosahihishwa au lisilosahihishika, likiwa na jina la sloti. Na IERR, yaani prosesa imeripoti kosa la ndani. Hilo la mwisho halimaanishi moja kwa moja kwamba prosesa imekufa, kwani RAM au kadi mbovu nayo inaweza kulisababisha. SEL ikiwa kimya kabisa wakati seva imezima, hiyo nayo ni habari: kama hata BMC ilipoteza umeme, haikuwa na namna ya kuandika, na ikirudi huanza na mstari wa kuwaka kwake yenyewe.

Upande wa Ubuntu, `last -x` itakuonyesha mashine ilipowaka bila kuzimwa kwa utaratibu, na `journalctl -b -1 -e` itakupeleka mwisho wa logi ya kuwaka kulikotangulia. Hakikisha saraka ya `/var/log/journal` ipo, la sivyo logi hukaa kwenye RAM na hufa pamoja na mashine. Tafuta maneno “Hardware Error” na “mce”. Tazama pia `/var/lib/systemd/pstore`, ambako huhamishiwa ujumbe wa mwisho wa kerneli uliowahi kuhifadhiwa kwenye mazabodi. Na kama mashine inakufa kabla ya kuandika kwenye diski, washa netconsole itume ujumbe wa kerneli kwa mtandao kwenda kompyuta ya jirani. Hapo hata sentensi ya mwisho utaipata. Kwa wanaotumia Windows Server, tukio namba 41 la Kernel-Power wengi hulisoma kama hukumu dhidi ya pawa saplai. Lenyewe linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Cha kutafuta karibu nalo ni matukio ya WHEA-Logger, ambako Windows huandika makosa ya vifaa.

Niseme kwa kirefu kuhusu umeme, maana huku kwetu ndiko nakutana na kesi nyingi zaidi.

Seva yako ina pawa saplai mbili, na hilo ni muhimu kuliko unavyofikiri. Ni nadra sana mbili zife kwa sekunde moja. Anayesema ni pawa saplai lazima aeleze ile ya pili ilikuwa wapi. Majibu yanayowezekana ni machache. Kwanza, moja inaweza kuwa ilikufa miezi mingi iliyopita bila mtu kuona, na iliyobaki imebeba kila kitu peke yake. Zunguka nyuma ya seva uangalie taa zake sasa hivi. Pili, zote mbili zinaweza kuwa zimechomekwa kwenye UPS moja, jambo la kawaida mno, na hapo uwili wao hausaidii kitu UPS ikiyumba. Tatu, ule ubao mdogo ndani ya seva unaopokea umeme wa zote mbili na kuugawa unaweza kuwa ndio mgonjwa.

Anza na UPS. Betri za risasi na asidi zilizomo humo huishi takriban miaka mitatu hadi mitano kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri huo karibu nusu. Chumba kisicho na kiyoyozi Morogoro kinaweza kuimaliza betri haraka huku taa ya kijani ya UPS ikiendelea kuwaka kana kwamba kila kitu ni sawa. UPS nyingine hujipima zenyewe kila baada ya siku 14 kwa kuhamia kwenye betri sekunde chache. Betri ikiwa imechoka, seva inaanguka bila umeme wa mtaani kukatika hata kidogo, na hakuna mtu ofisini anayeelewa kwa nini.

Sasa upimaji. Kazi ikiwa imehama, washa mzigo kwenye seva kisha chomoa UPS ukutani. Seva ikianguka papo hapo, usiilaumu UPS bado. Weka kompyuta za mezani zenye mzigo unaokaribiana na ule wa seva kwenye UPS hiyohiyo, rudia. Zikianguka nazo, ni UPS. Zikibaki hai, tatizo linaegemea kwenye pawa saplai za seva, na sababu yake ni hii: UPS za bei ya kawaida huchukua milisekunde kadhaa kuhamia kwenye betri, na pawa saplai nzima inapaswa kuishi pengo hilo kwa umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita yake kubwa, kwa kawaida karibu milisekunde 16 kwa mzigo kamili. Kapasita hiyo huzeeka kwa joto. Baada ya miaka sita akiba yake inaweza kuwa imepungua, na pengo ambalo zamani halikuonekana leo linaiangusha seva, hasa ikiwa na mzigo mkubwa. Pia UPS zinazotoa umeme wa ngazi badala ya wimbi laini hazielewani na baadhi ya pawa saplai za kisasa. Kwa seva nunua ya wimbi laini.

Mtu atakuja na multimita, apime volti 12, apate 12.1, aseme pawa saplai ni nzima. Kipimo hicho kinaweza kumtia hatiani mshukiwa lakini hakiwezi kumwachilia. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 5 juu au chini, yaani 11.4 hadi 12.6, nje ya hapo ni mbovu. Lakini multimita inakupa wastani, haioni volti zinazodondoka kwa milisekunde mbili wala mawimbi madogo yaliyopanda juu ya volti hiyo. Vihisi vya BMC navyo ni vya polepole vivyo hivyo. Njia ya uhakika kwako ni hii: iendeshe seva kwa pawa saplai moja tu chini ya mzigo, kisha kwa nyingine tu, na mara zote iwe kwenye UPS uliyokwisha kuithibitisha. Ikifa kwa moja na kutulia kwa nyingine, umempata. Usiifungue pawa saplai kutafuta kapasita iliyovimba. Ndani yake kunabaki umeme wa volti karibu 400 hata baada ya kuchomoa waya, na unaua. Kwenye mazabodi unaweza kutazama kapasita kwa macho, mashine ikiwa imechomolewa. Zile za maji zilizovimba kichwani au kuvuja zilikuwa janga miaka ya mwanzo ya 2000, kundi zima la mazabodi za wakati ule lilikufa kwa sababu hiyo; za sasa nyingi ni kavu, kwa hiyo mazabodi isiyovimba popote bado inaweza kuwa na tatizo.

Mwisho wa umeme ni jengo. Volti zetu rasmi ni 230, lakini usiku wa manane, mizigo ikiwa imepungua, zinaweza kupanda, na jioni zikashuka. Zipimeni saa tofauti mkaziandike. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akague waya wa ardhi (earth) na wa nyutro. Nyutro iliyolegea kwenye jengo la fezi tatu inaweza kupeleka kwenye soketi volti zinazozidi kiwango kwa mbali, na dalili yake ya kwanza ni balbu zinazong’aa kupita kiasi huku nyingine zikififia.

RAM. Mashine yako ina ECC, na ECC ni baraka kwa mchunguzi. Kwa kila biti 64 za data kuna biti 8 za ulinzi. Biti moja ikigeuka inasahihishwa kimyakimya na kuandikwa, zikigeuka mbili kosa linagunduliwa bila kusahihishika, na kwa kawaida mashine husimamishwa ili isiendelee na data ya uongo. Kwa hiyo kijiti kinachokufa mara nyingi hutoa taarifa mapema. Sakinisha rasdaemon, programu ya Linux inayorekodi makosa ya vifaa, iache siku kadhaa, kisha `ras-mc-ctl --error-count`. Linganisha na SEL, kwa sababu kwenye baadhi ya seva BIOS hulidaka kosa kabla ya Linux kuliona, na upande mmoja unaweza kuonyesha sifuri huku mwingine umejaa.

Wako wanaosema makosa yaliyosahihishwa si tatizo, ni miale ya angani tu. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vijiti hupata makosa kwa mwaka, na kwamba mengi ni ya ubovu wa kudumu wa kifaa, si ajali za mara moja. Vilevile, kijiti kilichopata kosa kina nafasi kubwa zaidi ya kupata mengine. Kosa moja kwa mwaka liache. Sloti moja inayorudiarudia, ishughulikie.

Na kuishughulikia si kuitupa. Zima, chomoa nyaya zote mbili, vaa kamba ya kuondoa umeme tuli, toa vijiti, safisha sehemu za mguso, virudishe vizuri mpaka vibofye, lakini badilishana viwili: kile kinacholalamikiwa kihamie sloti nyingine. Kosa likikifuata kijiti, kijiti ndicho kibovu. Likibaki kwenye sloti ileile, tatizo ni sloti, au pini zilizopinda chini ya prosesa, au prosesa yenyewe, maana kontrola ya RAM imo ndani yake. Hatua hii haigharimu shilingi, na imeokoa vijiti vingi vilivyokuwa vinaenda jalalani vikiwa vizima.

Memtest86+, programu ya kupima RAM, nayo iendeshe usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuitia RAM hatiani. Kupita bila kosa hakutoshi kuisafisha RAM, hasa kwenye mashine ya ECC ambako makosa madogo husahihishwa kabla programu haijayaona.

Joto na diski nitavipitia haraka. Hewa inayoingia kwenye seva inashauriwa iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Prosesa ikipata joto hupunguza kasi kwanza na kerneli huandika hivyo, kwa hiyo seva inayozima kwa joto la prosesa bila logi yoyote ya kupunguza kasi inanipa shaka, isipokuwa feni imesimama ghafla. Safisha vumbi, badilisha pesti ya prosesa kama imekauka, na shika feni zisizunguke unapopuliza. Kwenye diski, `smartctl -a`, inayosoma ripoti ya afya ya diski, ndiyo ya kwanza. Nyuma ya kontrola za MegaRAID utahitaji `-d megaraid,0` na namba zinazofuata. Kwa diski za SATA, vipimo namba 5, 197 na 198 kwenye ripoti hiyo vinahusu uso wa diski, na 199 ikipanda tazama kebo kwanza. Angalia pia toleo la programu dhibiti (firmware) ya diski. Mwaka 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kazi, kwa kosa la programu hiyo tu, na zilizowashwa siku moja zingekufa pamoja. RAID haikukingi na jambo la namna hiyo.

BIOS na BMC zikiwa za zamani zisasishwe, lakini baada ya umeme kuthibitishwa. Mashine inayozima ovyo ikizima katikati ya kuandikwa BIOS inaweza isiwake tena.

Unapopima mzigo, tenganisha. `stress-ng --cpu 0 --timeout 30m` kwa prosesa, stressapptest kwa RAM, `smartctl -t long` kwa diski, kila kimoja peke yake, kisha vyote kwa pamoja. Ikifa kwa prosesa peke yake ndani ya dakika chache, ni umeme au joto. Ikivumilia kila kimoja lakini ikafa kwa pamoja, ni umeme zaidi kuliko kitu kingine.

Na usitangaze ushindi mapema. Mashine yako hufa kila siku tatu kwa wastani. Kama matukio hayana ratiba, uwezekano wa kukaa siku tatu kimya kwa bahati tu, bila kutengeneza chochote, ni karibu asilimia 37. Siku sita ni karibu 14. Mpaka siku ya tisa ndipo unashuka kwenye asilimia 5. Kwa hiyo kila badiliko moja lisubiriwe siku tisa hadi kumi kabla ya kuliita tiba, isipokuwa umepata mzigo unaoiua ndani ya saa moja, ambapo kusubiri kunafupika sana. Ndiyo maana nasisitiza jaribio la bekapu.

Kwa maelezo uliyonipa, kama ningelazimika kusema leo, ningesema njia ya umeme kwanza, kuanzia UPS hadi ubao wa kugawa umeme, na RAM ya pili. Kinachonizuia kusema kwa uhakika ni kule kuganda. Umeme wa nje pekee haugandishi seva. Ama una matatizo mawili, ama kuna kitu kimoja ndani kinachoweza kutoa dalili zote tatu, na kitu hicho huwa ni sehemu ya mazabodi inayoshusha volti 12 kuipa prosesa na RAM volti zao ndogo. Ukithibitisha UPS, ukathibitisha pawa saplai zote mbili, vijiti vikazungushwa, joto likawa sawa, na bado inafanya yote matatu, basi ni mazabodi. Kwa seva ya miaka sita sikushauri ununue mazabodi iliyotumika, maana nayo ina umri uleule na joto lilelile. Hapo muuzaji atakuwa sahihi, na diski pamoja na RAM vilivyothibitishwa kuwa vizima unaweza kubaki navyo kama akiba iwapo seva mpya inavikubali.

Nitumie vitu vitatu: orodha ya SEL nzima pamoja na saa ya BMC uliyoisoma, picha ya nyuma ya seva inayoonyesha taa za pawa saplai na kila waya umechomekwa wapi, na mpangilio wa BIOS kuhusu umeme kurudi. Jaribio la bekapu liendelee wakati unanisubiri.